Walikuwa wanapigana kweli? Jibu kwa kijana anayerekodi ngumi kwa simu

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 23, niko Tanga. Baba yangu ana mikanda ya kung fu ya zamani, tangu enzi za VHS, sasa kaihamishia kwenye flashi, na kila Jumapili tunaangalia pamoja. Mwanzoni nilikuwa nacheka: ngumi zinalia kama mtu anapasua kuni, midomo haiendani na maneno, watu wanapaa tu. Lakini siku hizi nikiangalia muvi mpya za Marekani zenye hela nyingi, nachoka katikati ya pigano. Za baba sichoki. Baba anasema ni kwa sababu wale walikuwa wanapigana kweli. Rafiki zangu wanasema namfuata mzee tu, hakuna cha zaidi. Nani mkweli? Nauliza kwa sababu sisi tuko wanne, tunarekodi vipande vya ngumi kwa simu na kuviweka mtandaoni, ila vinatoka vibovu, havina nguvu. Mwenzetu mmoja anasema dawa ni kugusana hasa. Wiki iliyopita yeye mwenyewe alipigwa kichwani akaona giza kwa muda. Tufanyeje? Ni lazima kwanza tukasome kung fu?"

Marahaba, mdogo wangu. Nitaanza na lile uliloliweka mwishoni kama jambo dogo, kwa sababu si dogo. Mtu akipigwa kichwani akaona giza, hata kwa sekunde chache, ubongo umetikisika ndani ya fuvu. Mwenzenu aende kituo cha afya aonwe, hata kama leo anacheka na anakula vizuri. Akianza kutapika, kichwa kikizidi kuuma badala ya kupungua, akisinzia kupita kawaida, akichanganya maneno, au mboni ya jicho moja ikionekana kubwa kuliko ya pili, hapo hakuna kusubiri kesho: apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Na asirudi kwenye ngumi mpaka daktari aseme, maana pigo la pili kabla la kwanza halijapona laweza kuwa baya kuliko la kwanza. Hayo nimeyasema, sasa tuje kwenye sinema.

Ninavyokuelewa, unahisi kuna kitu ndani ya picha za mzee lakini hukijui jina, na kwa kuwa hamkijui, mnakitafuta pasipo. Baba anasema kitu hicho ni ukweli wa ngumi. Rafiki zako wanasema hakipo. Naona wote wamekosa, ila mzee kakosa karibu na shabaha.

Hawakuwa wanapigana. Ngumi ya kweli haipendezi machoni. Umewahi kuona watu wakigombana stendi? Wanashikana mashati, wanasukumana, mmoja anaanguka, imeisha, na waliokuwepo wote wanasimulia tofauti. Kilichokuwa kinafanyika mbele ya kamera za Hong Kong miaka ya 1960, 1970 na 1980 kilipangwa hatua kwa hatua, pigo kwa pigo, na kikarudiwa mpaka kikaingia mwilini. Waliokifanya wengi wao hawakuwa wapiganaji wa ulingoni. Walitoka jukwaani, kwenye opera ya Peking.

Hapa naomba nikae kidogo, kwani ndipo pana mzizi wa jambo lenyewe. Opera ya Peking si watu kusimama na kuimba tu. Ni kuimba, kuigiza, sarakasi na mapigano ya silaha, vyote kwa mtu mmoja, na mafunzo yake huanza utotoni. Hong Kong kulikuwa na shule ya mwalimu Yu Jim-yuen ambako watoto waliachwa na wazazi wao kwa mkataba wa miaka. Jackie Chan aliingia akiwa na umri wa miaka kama saba, akakaa karibu miaka kumi. Sammo Hung alisoma humo, Yuen Biao humo, Corey Yuen humo, Yuen Wah humo. Siku nzima ni kupasua miguu, kusimama kwa mikono, kupinduka hewani, na fimbo ya mwalimu kwa atakayelegea. Walipohitimu, watu walikuwa wameacha kwenda kwenye opera. Wakajikuta na miili inayoweza lolote na hakuna jukwaa. Studio za filamu zikawachukua kwa ujira wa siku, kazi yao ikawa kupigwa, kuanguka ghorofani, kuvunja meza kwa mgongo. Kwa Kikantoni waliitwa jina ambalo kwa tafsiri ya haraka ni mabingwa wa joka na chui milia. Jina kubwa kwa watu ambao sura zao hukuzikumbuka.

Wakumbuke sasa, maana jibu la swali lako liko kwao. Nguvu ya ngumi kwenye filamu haitoki kwa anayepiga. Inatoka kwa anayepigwa.

Mimi hili nilijifunza kwenye chumba cha kuhariri, si kwenye ukumbi wa mazoezi. Miaka mingi nyuma nililetewa filamu fupi ya vijana. Stelingi wao alikuwa na teke zuri kuliko yeyote niliyewahi kuhariri, linapanda mpaka sikioni na kushuka bila mtikisiko. Aliyekuwa anapigwa alisimama kama nguzo ya umeme, teke likishapita ndipo anakumbuka kuanguka. Nilikata, nikaunga, nikaongeza sauti, nikapunguza mwanga. Haikusaidia. Teke lile lilibaki upepo. Mwezi huohuo nikarudia kuangalia picha za Sammo Hung nikiwa nimefumbia macho stelingi kwa makusudi, namwangalia adui tu: bega linavyotangulia kuzunguka, shingo inavyofuata, miguu inavyoacha ardhi, mgongo unavyotua ubapa juu ya saruji. Nikajiona nilikuwa nimeangalia upande usio wangu maisha yangu yote.

Jaribuni hivyo Jumapili. Mwambie baba mmwache stelingi na mwangalie adui tu.

Kitu cha pili ni mdundo. Opera ile ina upatu na vibao vinavyogongwa papo kwa papo na mwili wa mchezaji: anapiga hatua, chombo kinalia; anageuka, kinalia; anasimama ghafla na kuganda kama sanamu, chombo kinapiga pigo moja zito, kisha kimya. Mgando ule ndio watu wanaoupigia makofi. Watu wa Hong Kong walipoingia kwenye filamu waliuhamisha pamoja nao. David Bordwell, mtafiti wa sinema wa Marekani, alilionyesha vizuri hili: mapigano ya Hong Kong huenda kwa kutua, kulipuka, kutua tena. Wapiganaji wanatulia mkao fulani, wanafyatuka mapigo matano sita, wanatulia tena katika mkao mwingine. Ile tuo ndogo ndiyo inayokupa nafasi ya kuelewa kilichotokea, nani yuko juu, nani kaumia, na kusubiri kitakachofuata. Bila tuo, mapigo ishirini yanakuwa kelele moja.

Sisi watu wa pwani hatupaswi kushangaa. Anayeijua ngoma ya kirumbizi ya Lamu na Pemba, wawili wanapoingia uwanjani na fimbo huku zumari linalia, anajua kwamba uhondo hauko kwenye fimbo kugonga fimbo. Uhondo uko pale wanapozungukana na fimbo zimeinuliwa, na kila mtu kashika pumzi. Na kama mzee anampenda Bruce Lee, mwulize kama anajua kwamba kabla hajawa nyota wa ngumi, Lee alikuwa bingwa wa dansi ya cha-cha Hong Kong, mwaka 1958. Kweli alisoma mtindo wa kung fu uitwao Wing Chun kwa mwalimu Ip Man, na mwili wake ulikuwa wa mpiganaji hasa. Lakini ukiangalia miguu yake mbele ya kamera utamwona mcheza dansi.

Mfano bora wa yote mawili ni pigano la Way of the Dragon la mwaka 1972, Bruce Lee na Chuck Norris ndani ya Colosseum ya Roma. Filamu hiyo Lee aliiandika na kuiongoza mwenyewe. Angalia wanavyoanza: hawakimbiliani. Wananyoosha viungo, wanaalisha vidole, kila mmoja pembeni yake, na paka mdogo anawatazama. Kisha Lee anapigwa. Anapigwa tena, anaanguka. Anajaribu mtindo uleule, anaanguka tena. Halafu anabadilika mbele ya macho yako: miguu inaanza kuchezacheza, mwili unalegea, na Norris aliyekuwa anampata kila akirusha sasa anapiga hewa. Hakuna aliyetamka neno, lakini umeelewa kwamba mmoja amefikiri na mwingine hakufikiri. Mwishoni Norris kavunjwa mkono na mguu, Lee anatikisa kichwa kumwomba asiendelee, yeye anaendelea, na Lee inambidi amuue. Baada ya hapo anachukua vazi la marehemu na mkanda wake, anamfunika. Ukiondoa mazungumzo yote ya filamu ile, ambayo kusema kweli ni ya kitoto na utani wake umechacha, pigano hilo peke yake linasimulia habari kamili ya watu wawili wanaoheshimiana.

Sasa linganisha na kinachokuchosha. Muvi nyingi za leo kamera iko karibu mno, inatikiswa, na kila sekunde kuna mkato mmoja au miwili, yaani picha inarukia pembe nyingine. Hujui mkono ni wa nani. Wanafanya hivyo kwa sababu zinazoeleweka: nyota wao hakukulia kwenye sarakasi, ana wiki chache za mazoezi, bima haimruhusu aanguke, na siku za kurekodi zimehesabiwa. Mkato unaficha. Mtu akisema ni kompyuta, anakosea kifaa ila hakosei hisia: kuna kitu anafichwa.

Lakini tusitoe hukumu rahisi kwamba mkato ni dhambi. King Hu, mwongozaji wa Come Drink with Me ya 1966 na A Touch of Zen, alikata haraka kuliko wengi. Wapiganaji wake waliruka kutoka kwenye trampolini zilizofichwa, na yeye akakuonyesha vipande tu, kivuli kinapita juu ya mianzi, nguo inapepea, mtu katua. Alitaka uone kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. A Touch of Zen ilipata tuzo ya ufundi Cannes mwaka 1975. Tofauti ni kwamba kila kipande chake ni safi: unajua umeona nini, hata kama umeona kidogo. Mkato wa kufichia udhaifu na mkato wa kuongeza ajabu ni vitu viwili, kama pilipili ya kuficha nyama iliyochacha na pilipili ya mchuzi mzuri.

Hong Kong walikuwa na utaratibu wao wa kurekodi ambao ni muhimu kwenu. Hawakuwa na mazoea ya kurekodi pigano zima kutoka pembe nyingi halafu kwenda kutafuta filamu ndani ya chumba cha kuhariri. Walirekodi kipande kwa kipande. Mapigo manne, pembe moja iliyochaguliwa kwa ajili ya mapigo hayo manne tu. Yakipatikana, kamera inahamishwa kwa mapigo matatu yanayofuata. Mpangaji wa mapigano ndiye aliyeamua kamera ikae wapi, na mara nyingi mwongozaji mwenyewe alikaa pembeni akinywa chai. Na walipokata kutoka picha ya mbali kwenda ya karibu penye pigo, walirudia fremu mbili tatu, yaani zile picha moja moja zinazounda filamu: pigo linafika mwishoni mwa kipande cha kwanza, na mwanzoni mwa kipande cha pili linafika tena. Ukiangalia taratibu utaona limefika mara mbili. Ukiangalia kwa kasi ya kawaida unahisi uzito.

Kuna hila nyingine mzee hatapenda kuzisikia. Kasi uliyoiona mara nyingi si kasi yao yote: kamera ilizungushwa fremu 22 kwa sekunde, wakati mwingine pungufu, na filamu ikaonyeshwa kwa 24. Hapo umepata nyongeza ya karibu asilimia 9 ya haraka bila jicho kushtuka. Vumbi linalotoka kwenye nguo ngumi inapotua lilipakwa kabla, ili ulione pigo hata ukiwa kiti cha nyuma kabisa. Vioo vilivyovunjwa kwenye Police Story ya Jackie Chan ya 1985 vilitengenezwa maalumu kwa kuvunjwa, ingawa vilikuwa vizito kiasi cha kuumiza, na waliovipitia waliumia. Kwa hiyo, hila zilikuwepo tele. Ila hila zao ziliongezea mwili uliokwisha fanya kazi. Hazikuchukua nafasi yake.

Kuhusu sauti, ile inayokuchekesha. Usidhani ilikuwa mbaya kwa sababu mkanda wenu ulitafsiriwa Kiingereza. Filamu za Shaw Brothers, studio kubwa iliyokuwa Clearwater Bay, zilirekodiwa bila sauti, na maneno yakaingizwa baadaye kwa Kimandarini. Hong Kong wenyeji wanasema Kikantoni. Kwa hiyo hata mtu wa kule, aliyekaa kwenye ukumbi wa mtaani kwake, aliona midomo isiyoendana na maneno. Sauti ikiwa haijafungwa kwenye kamera, inakuwa huru. Wakaitumia kama ule upatu wa opera: ngumi ikawa pigo la ngoma, mkono unaokata hewa ukalia kama bendera kwenye upepo. Fumba macho wakati wa pigano la zamani, sikiliza tu. Utaweza kuhesabu.

Nasi huku tukaongeza safu yetu juu yake. Wakalimani wa vibanda umiza, Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya, waliingia juu ya maneno ya wengine na kumpa adui jina la mtaani, kumtabiria stelingi, kumtukania mtu shangazi yake. Wapo wanaosema walikuwa wanaziharibu filamu. Mimi sidhani. Filamu ambayo tayari inaeleweka kwa mwili ina nafasi ya kubeba mkalimani. Ile inayotegemea maneno ingekufa mikononi mwao. Ndiyo maana picha za Kichina zilikaa vibandani miaka yote ile wakati nyingine nyingi zilipita.

Nimesema mzee kakosa karibu na shabaha, na nina deni la kueleza. Kulikuwa na upande wa kung fu halisi, na jina lake kubwa ni Lau Kar-leung. Baba yake, Lau Cham, alifundishwa na Lam Sai-wing, naye Lam alifundishwa na Wong Fei-hung mwenyewe, yule tabibu na mpiganaji wa Guangdong ambaye tangu 1949 ametengenezewa filamu zisizopungua makumi kadhaa. Lau alichukia kuona mtindo wa kung fu wa kusini mwa China ukichezwa kama wa kaskazini. Kwenye The 36th Chamber of Shaolin ya 1978 alifanya jambo ambalo wengine wangeliona ni kichaa: sehemu kubwa ya filamu ni mafunzo tu. Mtawa San Te, aliyechezwa na Gordon Liu, anabeba ndoo za maji mikono ikiwa imenyooka, na visu vimefungwa chini ya mikono ili ikishuka vimchome. Anajifunza kuvuka maji bila kuanguka, anapiga kichwa kwenye mifuko ya mchanga. Unaweza kufikiri ni kuongeza muda. Sivyo. Lau anakufundisha wewe mtazamaji kusoma. Ukishaona mkono ule ulivyopatikana, baadaye mkono huo ukizuia panga unajua umezuia kwa sababu gani. Pia alitengeneza Heroes of the East mwaka huohuo, ambamo hafi mtu hata mmoja, na bado hukai sawa kwenye kiti.

Kwa hiyo ukweli ulikuwepo. Ila ulikuwa ukweli wa mwili uliofundishwa, si ukweli wa kuumizana.

Na penye kuumizana, tusiwapambe. Biashara ile iliwatumia watu vibaya. Jackie Chan alianguka kutoka mtini Yugoslavia wakati wa kurekodi Armour of God, akavunjika fuvu, akafanyiwa upasuaji. Yeye alikuwa nyota, alipata hospitali na habari ikaandikwa dunia nzima. Wale wa joka na chui milia walioanguka migongo siku baada ya siku kwa ujira wa siku, magoti na migongo yao hakuna aliyeiandika. Mwenzenu anayesema mguse hasa amechukua kutoka Hong Kong kitu kimoja ambacho hakifai kuchukuliwa. Nami simcheki, nikiwa na umri wenu nilimvunja rafiki yangu pua kwa ujinga huohuo, na kipande chenyewe kilikuwa kibaya. Pigo lilipofika kweli, alifumba macho na kujikunja kabla ya wakati, na kamera ikaona mtu anayeogopa.

Nakujibu sasa la kung fu. Si lazima. Cheng Pei-pei, stelingi wa kike wa Come Drink with Me, alitoka kwenye dansi ya baleti. King Hu alimchagua, na ukimwona ameketi kwenye ile nyumba ya wageni akizuia kila kinachorushwa bila kuinuka, hutauliza kasoma mtindo gani. Kinachohitajika ni mwili unaotii na sikio la mdundo. Mtu wa ngoma, wa sarakasi au wa mpira anaweza kuanza kesho. Karate au kung fu itakusaidia mkao na usawa, lakini itakubidi usahau kitu kimoja: klabuni unafundishwa kuficha pigo lako, na kwenye filamu unatakiwa kulionyesha kabla halijatoka. Keanu Reeves na wenzake hawakuwa wapiganaji walipoanza mazoezi ya The Matrix. Yuen Woo-ping, aliyeongoza Drunken Master, aliwakalisha miezi minne ya mazoezi kabla. Aliyekuwa anaanguka badala ya Reeves kwenye filamu ile, Chad Stahelski, ndiye baadaye aliyeongoza John Wick, na humo utaona kamera imerudi nyuma na miili inaonekana. The Raid ya Indonesia, 2011, ni hivyohivyo kwa pencak silat, sanaa ya mapigano ya huko. Kwa hiyo si kweli kwamba wa sasa wote hawajui. Wanaojua ni wachache, na karibu wote walikaa shule ya Hong Kong, moja kwa moja au kwa kuangalia.

Mkirudi kazini, acheni kwanza mapigano ya dakika mbili. Tengenezeni ya sekunde kumi. Mapigo matatu, tuo, mapigo mawili, mwisho. Hesabuni kwa sauti mnapofanya mazoezi, polepole kama mnatembea ndani ya maji, mpaka kila mtu ajue hesabu ya mwenzake. Ngumi ya usoni isipite karibu zaidi ya urefu wa kiganja kutoka kwenye shavu. Weka simu nyuma ya bega la mmoja wao, siyo ubavuni, kwani ukiwa nyuma ya bega nafasi kati ya ngumi na uso haionekani. Ukiwa ubavuni kila mtu ataiona. Anayepigwa ndiye anayefanya mazoezi mara mbili zaidi. Kichwa kianze, bega lifuate, kiuno kifuate, na macho yasifumbe mapema. Simu iwe imara, mwili mzima uonekane, vichwa na nyayo. Mkimaliza, ongezeni kasi kwa asilimia tano hadi kumi, msizidishe, mkizidisha mtafanana na vichekesho. Poda kidogo ya mtoto kwenye fulana inatosha kwa vumbi. Iwe kifuani na mabegani, mbali na macho. Sauti rekodini wenyewe: kitambaa kibichi kikipigwa mezani, fimbo ikikata hewa. Zipangeni kama mtu anapiga ngoma, na mahali pa tuo acheni kimya.

Kuna kitu kimoja ambacho siwezi kukufundisha kwa maandishi, na wala usikichukue kwenye video za mtandaoni: kuanguka. Kuanguka chali, kuanguka ubavu, kupinduka. Shingo haina spea. Tafuteni klabu ya judo au mwalimu wa sarakasi hapo mjini, hata kama ni kwa mwezi mmoja, mwambieni wazi kwamba mnataka kujifunza kuanguka tu. Mwalimu mzuri atawaweka wiki nzima chini kwenye mkeka kabla hajawaruhusu kuanguka mkiwa mmesimama. Akiwarukisha siku ya kwanza, hameni. Mpaka hapo, hakuna kuruka kutoka ukutani, hakuna meza, hakuna ngazi, na mkeka au godoro la zamani liwepo kila mtu anapokwenda chini.

Huyo wa kichwani, hata akishapimwa akaambiwa yuko sawa, asipigwe kwenye zamu hii. Mpeni simu ashike yeye.